Kompyuta sasa yachora protini za kukamata sumu ya nyoka

Huenda wewe msomaji uliyezoea lami na taa za mjini ukadhani kwamba habari za kuumwa na nyoka hazikuhusu. Lakini hebu fikiria kidogo. Ni nani anayewakatia ng'ombe majani kule nyumbani? Ni nani anayetoka alfajiri kwenda kuteka maji, anayevuna mahindi bila viatu, au anayelala sakafuni katika nyumba ambayo mlango wake haufungiki vizuri? Ni wazazi wetu, shangazi zetu na wadogo zetu, wale wale tunaowatumia pesa kila mwisho wa mwezi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka kote ulimwenguni. Kati yao, watu 81,000 hadi 138,000 hufariki, na idadi inayokaribia mara tatu ya hiyo hubaki na ulemavu wa kudumu, wengine wakiwa wamekatwa mkono au mguu. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto wa Afrika na Asia. Mnamo Juni 2017 WHO iliingiza tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 ikatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kufikia mwaka 2030.

Dawa inayotumika hospitalini dhidi ya sumu ya nyoka ilibuniwa zaidi ya miaka 130 iliyopita, na mpaka leo hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi. Ndiyo sababu habari iliyochapishwa Januari 2025 katika jarida la sayansi la Nature iliwashtua madaktari wengi, nikiwamo mimi. Wanasayansi walikuwa wamechora kwa kompyuta protini ndogo zisizopatikana popote katika maumbile, zenye kazi moja tu: kuikamata sumu ya nyoka na kuizuia isidhuru mwili.

Katika makala haya nitakueleza protini hizo zinafanya kazi vipi, zimefika wapi, na kwa nini habari hiyo njema isikufanye ulegeze kamba leo.

ASKARI WENYE UMBO LA HERUFI Y

Hatuwezi kuelewa dawa ya nyoka bila kuelewa kwanza kingamwili. Hizi ni protini zinazotengenezwa na aina fulani ya chembechembe nyeupe za damu. Umbo la kingamwili moja hufanana na herufi Y. Ncha mbili za juu ndizo zinazomkamata adui, nao mguu wa chini huita askari wengine wa mwili waje kummaliza.

Kila aina ya kingamwili huchagua adui wake. Ile inayokamata kirusi cha surua haina habari na kile cha polio, sawa na ufunguo wa nyumba yako usivyoweza kufungua kwa jirani. Chanjo hutumia maarifa haya. Mtoto huonyeshwa adui aliyedhoofishwa, mwili wake ukajifunza kutengeneza kingamwili zinazofaa, na siku adui wa kweli akija anakuta mlango una ulinzi.

Tatizo ni kwamba mwili huchukua siku nyingi, pengine wiki mbili, kutengeneza kingamwili za kutosha dhidi ya adui asiyemjua. Sumu ya nyoka haina subira hiyo. Koboko akimuuma mtu na kumwingizia sumu ya kutosha, mtu huyo anaweza kufariki katika muda wa saa chache. Hawezi kungoja mwili wake ujifunze. Inabidi aazime kingamwili zilizotengenezwa tayari na kiumbe mwingine.

FARASI NA DAKTARI WA BCG

Kiumbe huyo amekuwa farasi. Historia yake ina jina ambalo kila mzazi wa Kenya amekutana nalo bila kujua. Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo mkononi mwa mtoto, ina herufi C kwa heshima ya daktari Mfaransa, Albert Calmette. Kabla ya kazi yake ya kifua kikuu, Calmette alifanya kazi Saigon, nchini Vietnam. Mwaka 1891 mafuriko yaliwafukuza swila kutoka mashimoni mwao hadi karibu na watu, na wanakijiji kadhaa wakaumwa. Calmette akaanza kuchunguza sumu hiyo.

Mwaka 1894, yeye na wenzake wawili waliokuwa wakifanya utafiti wao kando, Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand, walitangaza mjini Paris kwamba mnyama anaweza kuzoeshwa sumu ya nyoka kidogo kidogo, na kwamba maji ya damu yake, yaani seramu, huweza kumkinga mnyama mwingine. Baada ya muda mfupi farasi walianza kutumiwa kwa sababu ni wakubwa na wana damu nyingi.

Njia hiyo haijabadilika sana. Nyoka hukamuliwa sumu. Farasi hudungwa sumu hiyo kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole kwa miezi kadhaa. Kisha hutolewa damu, na kutoka kwenye damu hiyo huchujwa kingamwili za kutiwa katika chupa.

Dawa hii imeokoa watu wengi, na ningekuwa nimeumwa na swila leo ningeiomba bila kusita. Lakini ina kasoro zake.

Kwanza, farasi hatengenezi kingamwili za sumu ya nyoka pekee. Damu yake imejaa kingamwili za vijidudu vyote alivyowahi kukutana navyo malishoni. Ni sawa na mtu anayefungua bale ya mitumba Gikomba: nguo ni nyingi, lakini zinazokutosha wewe ni chache. Hivyo mgonjwa huhitaji chupa kadhaa ili apate kiasi kinachofaa.

Pili, protini za farasi ni ngeni mwilini mwa binadamu. Wagonjwa wengine hupata mzio: hujikuna, huvimba uso, shinikizo la damu hushuka, na wengine hushindwa kupumua. Kwa sababu hiyo dawa hii haifai kutolewa dukani wala nyumbani. Yatakiwa itolewe mahali penye daktari au muuguzi mwenye sindano ya adrenalini karibu.

Tatu, dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa bara jingine yaweza isifae kitu hapa kwetu. Daktari Vital Brazil wa nchini Brazili alilionyesha jambo hilo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

Nne ni bei na upatikanaji. Kutunza farasi na nyoka ni gharama, nao wanunuzi ni maskini. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake iliyoitwa FAV-Afrique mwaka 2014, na chupa za mwisho zikapitwa na muda wake Juni 2016. Hiyo ilikuwa mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana barani humu. Hapa Kenya dawa tunazotumia hutoka ng'ambo, na nyingine zinahitaji jokofu wakati wote. Zahanati isiyo na umeme itaziweka wapi?

SUMU YENYE VIDOLE VITATU

Sasa tuwaangalie nyoka wenyewe. Si kila nyoka ana sumu, na si kila nyoka mwenye sumu huitoa anapouma. Hata hivyo, Kenya ina nyoka kadhaa wa kuogopwa.

Kifutu ni mnene na mvivu. Hujilaza njiani na hakimbii akisikia kishindo, ndiyo maana watu humkanyaga. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, na yaweza kusababisha kutokwa na damu.

Swila wako wa aina mbalimbali. Wengine hutema sumu machoni, na wakiuma huua nyama pale walipouma. Mmoja wao, swila mkubwa kuliko swila wote watemao sumu, alitambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 2007 na kupewa jina Naja ashei. Jina hilo linamkumbuka James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu.

Koboko ni mwembamba, mrefu na mwepesi. Wazungu humwita kwa jina la mamba mweusi, ingawa hana undugu wowote na mamba wa mtoni. Sumu yake hushambulia neva.

Katika sumu ya swila na koboko mna kundi la protini ndogo ambazo wataalamu huziita sumu za vidole vitatu. Zimepewa jina hilo kwa sababu kila moja imejikunja ikawa na vitanzi vitatu vilivyochomoza kama vidole.

Vidole hivyo hufanya nini? Kwa kawaida ubongo ukitaka misuli ifanye kazi, neva humwaga kemikali iitwayo asetilkolini. Kemikali hiyo hutua kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli, na msuli hujikunja. Sumu ya neva huja ikakalia vipokezi hivyo kama abiria aliyekalia kiti cha mwenziwe na kukataa kusimama. Asetilkolini ikifika haina pa kutua. Dalili ya kwanza huwa kope za macho kulegea. Kisha mgonjwa huongea kwa shida, hushindwa kumeza mate, na mwishowe misuli ya kupumua husimama. Inasikitisha kwamba wakati huo wote mgonjwa huweza kuwa na fahamu zake na kusikia kila neno linalosemwa kando yake.

Kundi jingine la sumu hizo za vidole vitatu halina haja na neva. Hilo hutoboa chembechembe za ngozi na nyama na kuziua. Hiyo ndiyo kazi ya swila watemao sumu.

Na hapa ndipo farasi anaposhindwa. Kwa kuwa sumu hizi ni ndogo mno, mwili wa farasi mara nyingi hauzioni kuwa adui mkubwa. Basi hutengeneza kingamwili chache na dhaifu dhidi ya zile hasa zenye kuua.

SHANGA ZINAZOJIKUNJA ZENYEWE

Protini yoyote ile, iwe ya nyama, ya damu au ya sumu, ni kama uzi wa shanga. Shanga hizo huitwa asidi amino, na ziko aina 20 tu. Mpangilio wa shanga ndio unaoamua uzi utajikunja vipi, na umbo linalotokea ndilo linaloamua kazi ya protini hiyo. Shanga zilizopangwa kwa njia moja huwa himoglobini inayobeba oksijeni katika damu yako. Zikipangwa kwa njia nyingine huwa sumu ya swila.

Kwa miaka mingi wanasayansi walihangaika na swali hili: ukijua mpangilio wa shanga, unaweza kutabiri umbo? Profesa David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle nchini Marekani, aligeuza swali hilo. Alitaka kuanza na umbo analolitaka, kisha kompyuta imwambie ni shanga zipi zipangwe ili umbo hilo lipatikane. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitangaza protini waliyoiita Top7. Ilikuwa na shanga 93, na umbo lake halikuwa limewahi kuonekana katika kiumbe chochote.

Swali la kwanza nalo lilijibiwa kwa programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold, iliyotengenezwa na kina Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni ya Google DeepMind. Watu hao watatu, Baker, Hassabis na Jumper, waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024.

Mwaka 2023 kundi la Baker lilichapisha habari za programu nyingine iitwayo RFdiffusion. Programu hiyo ilifunzwa kwa njia ya ajabu. Ilipewa maumbo mengi ya protini zinazojulikana, yakavurugwa mpaka yasitambulike, nayo ikajifunza kuyarudisha katika utaratibu wake. Sasa ukiionyesha picha ya sumu na kuiambia, "Nitengenezee kitu cha kukaa hapa," huanza na vumbi lisilo na umbo na kulipanga hatua kwa hatua mpaka kitokee kitu kinachoikumbatia sumu ile. Programu ya pili huchagua shanga zinazofaa, na ya tatu hukagua kama uzi huo utajikunja ulivyokusudiwa.

Kumbuka mfano wetu wa mitumba. Kwa farasi tulikuwa tukifungua bale na kutumaini. Kwa njia hii mpya tumemwendea fundi cherehani, amechukua vipimo vya sumu, na amekata kitambaa kinachoikaa yeye peke yake.

PANYA WALIOPONA

Kazi ya sumu ya nyoka iliongozwa na Susana Vázquez Torres, mwanasayansi mzaliwa wa Meksiko aliyekuwa katika maabara ya Baker, pamoja na Timothy Jenkins wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmaki. Walilenga aina tatu za sumu za vidole vitatu: mbili za neva na moja inayoua chembechembe za mwili.

Kompyuta ilichora, wao wakachagua makumi ya michoro na kuitengeneza kwa kweli katika maabara. Maagizo ya kila protini yalitiwa ndani ya bakteria, na bakteria wakaizalisha. Njia hiyo si ngeni. Insulini ya binadamu inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari imekuwa ikitengenezwa kwa msaada wa vijidudu tangu miaka ya 1980. Hahitajiki farasi, wala nyoka wa kukamuliwa kila mara.

Protini za mwisho zilishikamana na sumu kwa nguvu. Picha za ndani kabisa zilionyesha kwamba umbo lililotokea lilikuwa karibu sawa na lile lililochorwa na kompyuta. Kisha ukaja mtihani wenyewe. Panya walipewa sumu ya neva ya kiasi cha kuua. Kati ya asilimia 80 na 100 ya panya waliopata protini hizo walipona, kutegemea aina ya sumu, kipimo na protini iliyotumika. Baadhi yao walidungwa protini robo saa baada ya sumu, na bado wakaokoka. Protini iliyolenga sumu ya kuua chembechembe nayo ilizikinga chembechembe za ngozi ya binadamu katika maabara.

Kuna faida nyingine mbili. Protini hizi ni ndogo kuliko kingamwili kwa zaidi ya mara kumi, kwa hivyo huenda zikapenya haraka hadi ndani ya nyama iliyoumwa. Tena ni ngumu na hazivurugwi upesi na joto. Daktari aliye Lodwar au Garissa anaelewa mara moja maana ya dawa isiyotishwa na joto.

ZINAZOSHIKA KINGAMWILI ZENYEWE

Ufundi huu haukuanza na nyoka. Kabla ya hapo, maabara hiyo hiyo ya Seattle ilikuwa imechora protini za kushika kingamwili zenyewe.

Kingamwili leo ni dawa kubwa, kwa mfano katika matibabu ya aina fulani za saratani ya matiti. Zinapotengenezwa kiwandani lazima zitenganishwe na uchafu mwingine. Viwanda hutumia protini inayotoka kwa bakteria yule anayeleta majipu, kwa kuwa yeye hujua kuushika mguu wa ile herufi Y. Mwaka 2014 Eva-Maria Strauch, Sarel Fleishman na Baker walitangaza protini waliyoichora ili ishike sehemu hiyo hiyo. Maji yakiwa na magadi kidogo hushika sana. Yakiwa na asidi kidogo mshiko wake hulegea kwa takriban mara 500. Yaani unaikamata kingamwili, unaisafisha, kisha unaiachilia bila kuiumiza. Protini kama hiyo yaweza kutumika pia katika vifaa vya kupima magonjwa.

Mwaka 2021 kundi hilo lilitangaza protini zinazokusanya kingamwili nyingi na kuzipanga kama tenga. Katika maabara, kingamwili zilizopangwa hivyo zilizuia vizuri zaidi virusi vya mfano vya korona kuliko zilipokuwa zimetawanyika.

Mwezi Juni 2022, Korea Kusini iliidhinisha chanjo ya korona iliyojengwa juu ya protini zilizochorwa kwa kompyuta. Kwa hivyo dawa za namna hii zaweza kutoka kwenye kompyuta na kufika katika mkono wa binadamu.

BADO SAFARI NI NDEFU

Sasa msomaji huenda ukauliza, "Daktari, dawa hiyo inauzwa wapi?" Haiuzwi popote. Iliyopimwa ni panya, na sumu iliyotumika ilikuwa moja moja, si mchanganyiko kamili unaotoka kinywani mwa nyoka. Itabidi ijaribiwe kwa sumu kamili, kisha kwa wanyama wakubwa, na hatimaye kwa watu, hatua kwa hatua. Hiyo ni kazi ya miaka.

Tena haitamfaa kila mtu. Sumu ya kifutu imejaa protini za aina nyingine kabisa, zisizo na vidole vitatu. Sumu ya koboko nayo ina silaha nyingine kando ya hizo. Wataalamu watahitaji kuchora protini kadhaa na kuzichanganya katika chupa moja.

Wapo pia wanaopita njia nyingine. Mnamo Oktoba 2025 watafiti wa Denmaki walieleza mchanganyiko wa kingamwili nane ndogo sana, zilizotokana na lama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia. Katika panya, mchanganyiko huo ulifaulu dhidi ya nyoka 17 kati ya 18 wa jamii ya swila na koboko wa Afrika waliojaribiwa. Hapa nyumbani, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi, wanachunguza sumu za nyoka wetu na ubora wa dawa zilizopo.

Wasiwasi wangu ni mmoja. FAV-Afrique haikutoweka kwa kuwa haikufanya kazi. Ilitoweka kwa kuwa wanaoihitaji hawana pesa. Dawa ya kompyuta ikiwa rahisi kutengeneza lakini ikakosa mnunuzi, itabaki katika jokofu la maabara. Serikali ya taifa na kaunti zetu zitalazimika kuamua mapema kwamba maisha ya mchungaji yana thamani ya kutengewa fungu.

UFANYE NINI LEO

Mpaka siku hiyo ifike, dawa ya farasi ndiyo iliyopo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema. Adui mkubwa wa mgonjwa ni saa anazopoteza kabla ya kufika hospitali. Tafadhali wasomee walio mashambani maagizo haya:

1. Mwondoe mtu aliyeumwa mbali na nyoka. Usimfukuze nyoka ili umuue au umkamate. Wengi huumwa wakifanya hivyo.

2. Mtulize na umlaze. Akikimbia, sumu husambaa upesi. Mvue pete, saa, bangili na viatu kabla hajavimba.

3. Funga mkono au mguu ulioumwa kwenye kipande cha ubao, bila kukaza, ili usitikisike.

4. Usifunge kamba ya kuzuia damu. Watu wamekatwa miguu kwa sababu ya kamba na si kwa sababu ya nyoka. Usichanje kwa wembe, usifyonze kwa mdomo, usipake dawa za mitishamba wala mafuta ya taa.

5. Jiwe jeusi la nyoka linalouzwa masokoni halina uwezo wa kunyonya sumu. Wanaolisifu wengi wao waliumwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeuma bila kuitoa.

6. Sumu ikitemwa machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

7. Mpeleke hospitali kwa njia iliyo ya haraka zaidi. Kama kuna bodaboda tu, akae katikati, dereva mbele na mtu mwingine nyuma wa kumshika. Akitapika au kulegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto.

Hospitalini usishangae daktari akichukua damu kidogo, akaitia katika chupa safi ya kioo na kuiacha kwa dakika 20. Anataka kuona kama itaganda. Damu isiyoganda humwambia kwamba sumu imekwisha kuivuruga. Huenda pia akamlaza mgonjwa kwa saa 24 hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa dalili nyingine huchelewa.

Kinga nayo haigharimu sana. Buti au viatu vya kufunika mguu shambani, tochi usiku, kulala ndani ya neti iliyochomekwa chini ya godoro, nyasi zilizofyekwa karibu na nyumba na panya waliopunguzwa ghalani. Palipo na panya wengi, nyoka hufuata chakula chake.

Mwisho, fanya jambo moja wiki hii. Wapigie simu watu wa nyumbani na uwaulize ni hospitali gani iliyo karibu ambayo huweka dawa ya sumu ya nyoka. Kama hawajui, waulize wahudumu wa zahanati yao au afisa wa afya wa kaunti. Jina la hospitali hiyo na nambari ya mwenye bodaboda anayetegemewa usiku viandikwe mahali ambapo kila mtu katika boma anaweza kuviona.